Tezi ya panya, tezi ya baba mkwe (Sehemu ya 4)

Tangu sehemu ya tatu meseji zimejaa picha za chupa na pakiti. "Nesi, hii nimnunulie baba mkwe? Anaamka usiku kucha." "Nesi, hii si itamfaa mume wangu, siku hizi amechoka sana?" Nimeziangalia. Nyingi zina ahadi mbili kwenye lebo moja: inapunguza tezi dume, inapandisha testosteroni. Chini yake sasa ndiyo yale maneno matamu: imethibitishwa kisayansi.

Mimi nasema hivi, na atakayekasirika akasirike. Kusema "imethibitishwa" bila kusema ilithibitishwa kwa nani ni ujanja wa kibiashara. Ukifuatilia, mara nyingi huyo "nani" ni panya.

Na panya mwenyewe sina ugomvi naye. Ngoja niwaeleze jaribio lenyewe linavyokwenda, maana ukilijua hutadanganyika tena. Wanachukuliwa panya dume, vijana, wa miezi michache tu. Mara nyingi wanahasiwa kwanza. Halafu kila siku wanachomwa sindano ya testosteroni chini ya ngozi, kwa wiki nne hivi. Tezi inavimba. Kundi moja linapewa pia mchanganyiko wa majani au magome yanayochunguzwa, kundi lingine linapewa finasteridi, ile dawa ya hospitali, na kundi lingine halipewi kitu. Mwisho wanauawa, tezi inatolewa na kupimwa uzito. Kama tezi za kundi la majani ni nyepesi kuliko za wale wasiopewa kitu, inaandikwa kwamba majani yamesaidia.

Sasa mweke babu pembeni ya huyo panya. Babu ana miaka 70, hajahasiwa, hakuna aliyemchoma testosteroni. Homoni yake imekuwa ikishuka taratibu kadiri anavyozeeka, na tezi yake imekua kwa miaka mingi huku homoni ikishuka. Panya ni kijana aliyejazwa homoni kwa nguvu mwezi mmoja. Hata umbo ni tofauti: tezi ya panya imegawanyika vipande vipande, haikuuzunguka mrija wa mkojo kama pete inavyozunguka kidole, kama ilivyo kwa binadamu. Shida ya babu ni hiyo pete kubana. Na hakuna anayemuuliza panya anaamka mara ngapi usiku, au anasimama chooni muda gani akisubiri mkojo utoke. Kwa wanaume tunauliza, kuna maswali saba yenye alama, na dawa ikidaiwa inafanya kazi lazima alama hizo zishuke.

Na hapo tazama jambo la kuchekesha. Kinachoivimbisha tezi ya panya ni testosteroni. Halafu chupa moja inakwambia inapunguza tezi na wakati huohuo inapandisha testosteroni! Jamani. Angalau wachague moja.

Mbwa ni habari nyingine. Mbwa dume asiyehasiwa akizeeka tezi yake hukua yenyewe, bila sindano ya mtu, kwa hiyo anamkaribia binadamu zaidi. Ila yake inasukuma kwenda nyuma kwenye utumbo, ndiyo maana mbwa mzee anapata shida ya choo kikubwa kuliko ya mkojo. Kwa mbwa hao daktari Charles Huggins wa Chicago alionyesha jinsi tezi inavyotegemea homoni, kisha akayapeleka maarifa hayo kwa wagonjwa wa saratani ya tezi dume mwaka 1941. Mwaka 1966 akapewa Nobel. Kwa hiyo anayesema majaribio ya wanyama hayana maana, naye anakosea. Tofauti ni kwamba Huggins hakuishia kwa mbwa.

Finasteridi yenyewe kisa chake hakikuanzia kwa panya. Kilitoka katika kijiji kimoja Jamhuri ya Dominika, ambako baadhi ya watoto walizaliwa wakionekana wasichana, wakifika balehe wanakuwa wavulana. Watafiti walieleza mwaka 1974 kwamba watoto hao wana testosteroni ila wanakosa kimeng'enya kinachoigeuza kuwa homoni kali zaidi. Wakikua, tezi yao hubaki ndogo sana. Dawa ikatengenezwa kuzuia kimeng'enya hicho hicho, ikajaribiwa kwa wanyama, kisha kwa wanaume, na Marekani ikaruhusiwa mwaka 1992. Hesabu miaka hiyo.

Linganisha na mmea wa saw palmetto, mtauona umeandikwa kwenye chupa nyingi za kutoka nje. Kwa panya ulionekana kupunguza tezi. Wanaume walipopewa, nusu wakipewa mmea na nusu kidonge kisicho na kitu, wote bila kujua wamepewa nini, matokeo yaliyochapishwa Marekani mwaka 2006 yalionyesha hakuna tofauti. Wakarudia na dozi hadi mara tatu, 2011. Bado hakuna tofauti. Panya alipona, wanaume waliendelea kuamka usiku.

Mtaniuliza, nesi, kwani ukimnunulia mzee kuna ubaya gani, si majani tu? Ubaya ni muda. Mzee anakunywa unga miezi sita akisubiri, kumbe mkojo unabaki kwenye kibofu, unarudi nyuma, figo zinaumia. Au si tezi ya kawaida, ni saratani, na dalili zinafanana. Au ni kisukari, maana nacho kinamwamsha mtu usiku kukojoa. Tunawapokea wodini wakiwa mkojo umeziba kabisa, tumbo la chini limejaa kama mjamzito, mzee mtu mzima analia mbele ya wajukuu. Tunaweka mpira wa mkojo, anapata nafuu, kisha ndipo unaulizwa ule unga ulioishia. Mkojo ukigoma kutoka, ukiwa na damu, au mzee akipata homa, huko ni hospitali siku hiyo hiyo, si kesho. Na kama daktari amempa finasteridi, mwambieni inachukua miezi, takribani sita, asije akaiacha wiki ya pili akisema haifanyi kazi.

Hapa sasa nasema na wajawazito, nisikilizeni vizuri. Usishike vidonge vya finasteridi vilivyovunjika, na usimsagie mzee hata kama hawezi kumeza. Panya wajawazito waliopewa dawa hii walizaa watoto dume wenye tundu la mkojo lisilokaa mahali pake. Mtu ataniambia, "Nesi mbona umesema panya si binadamu?" Ndiyo nimesema. Lakini kumwambia mama asiguse kidonge hakumgharimu kitu, na pale kijijini Dominika tulishaona kwa binadamu kinachotokea homoni hiyo ikikosekana mtoto akiwa tumboni. Kwa tahadhari, ushahidi mdogo unanitosha. Kwa kuchukua hela ya mtu, hapana.

Haya, tuje kwa waume zetu. Hii ya kuchoma testosteroni ili "nguvu zirudi" inaniumiza kuliko unga, hasa kwa nyumba zinazotafuta mtoto. Testosteroni ikiingia kutoka nje, ubongo unaona ipo ya kutosha na unaacha kuziamuru korodani zifanye kazi. Mbegu zinapungua, wengine zinafika sifuri. Si maneno yangu: Shirika la Afya Duniani lilijaribu sindano hizo kama uzazi wa mpango wa wanaume, na matokeo yalichapishwa mwaka 1990. Yaani mke anakunywa dawa za kupata mimba, mume anachomwa kitu kinachozuia, na wote wanalala na matumaini. Mbegu kwa kawaida hurudi akiacha, ila ni miezi mingi. Na kama kuna anayepaka jeli ya testosteroni aliyoandikiwa na daktari, anawe mikono, afunike alipopaka, asimbebe mtoto kifuani pakiwa wazi. Watoto wamewahi kuota nywele za siri mapema kwa sababu hiyo.

Kabla hujaamua mumeo ana homoni chache, apimwe damu asubuhi, na kipimo kirudiwe siku nyingine. Uchovu una sababu mia: usingizi, sukari, madeni. Na kama ni baba wa mtoto mchanga, jueni kuna kushuka kwa kawaida. Utafiti wa wanaume wa Cebu, Ufilipino, uliochapishwa 2011, ulionyesha testosteroni ilishuka walipokuwa baba, na waliotumia saa nyingi kulea ndio waliokuwa chini zaidi. Hata hapa kwetu imepimwa: akina baba Wahadzabe, wanaobeba na kulea watoto, walikuwa na kiwango cha chini kuliko Wahadzabe wasio na watoto. Kwa Wadatoga, ambao baba hakai sana na watoto wachanga, tofauti hiyo haikuonekana. Sasa mwanaume anakesha na mtoto akupe wewe usingizi kidogo, halafu unamletea chupa ya kumtibu?

Wale mlionitumia picha, nitawajibu mmoja mmoja. Nitumieni upande wa nyuma wa lebo, si wa mbele. Sehemu ya tano tutazungumza kipimo cha damu cha tezi dume, na yale maswali saba nitayaweka hapo mkamuulize baba, au mumeo amuulize, maana najua baba mkwe huwezi kumuuliza hayo wewe.