Kinywa cha Maskini si Uwanja wa Majaribio

Yako maumivu ambayo jamii imeyazoea mno hata haiyahesabu tena kuwa ni jambo la haki. Maumivu ya jino ni mojawapo. Mkulima wa Kongwa au Mpwapwa huuguza jino kwa miezi, akitafuna upande mmoja na kukesha usiku, mpaka siku anapolazimika kufunga safari kwenda kung'olewa. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba magonjwa ya kinywa yanawapata watu wapatao bilioni 3.5. Jambo linalowagusa wengi kiasi hicho haliwezi kuitwa dogo.

Kwa miaka mingi taifa letu lilitegemea shule ya madaktari wa meno ya Muhimbili, iliyoanza mwaka 1979. Leo Chuo Kikuu cha Dodoma, kilichoanzishwa mwaka 2007, nacho kina shule ya tiba na meno. Twalipokea jambo hili kwa shukrani. Hata hivyo twauliza maswali mawili: vijana hawa watajifunza katika vinywa vya nani, na watajifunza nini?

Tuanze na la kwanza. Kazi ya meno haijifunzwi kwa vitabu pekee. Mwanafunzi hufanya mazoezi kwa meno ya bandia, lakini hatimaye ni lazima asimame mbele ya mgonjwa aliye hai. Mara nyingi mgonjwa huyo ni yule asiye na fedha za kwenda kwingine. Hapo ndipo haki inapopimwa. Mgonjwa ana haki ya kuambiwa kwamba anayemtibu ni mwanafunzi, kuelezwa kitakachofanyika kwa lugha anayoielewa, na kukataa pasipo kunyimwa huduma. Mwalimu naye awe karibu, si jina tu kwenye ratiba. Umaskini wa mtu si ridhaa yake.

Kuhusu swali la pili, jibu moja lilipatikana hapa hapa nchini. Katikati ya miaka ya 1980, mpango wa afya ya kinywa wa shule ya meno ya Dar es Salaam ulianzisha njia ya kutibu jino bila mashine wala umeme: sehemu iliyooza huondolewa kwa vifaa vya mkono, kisha tundu huzibwa kwa dawa inayoshikamana na jino. Njia hiyo imeenea katika mataifa mengi. Itakuwa aibu basi ikiwa daktari aliyesomea nchini humu atapelekwa kijijini na kusema kwamba, kwa kuwa hakuna mashine, hana la kufanya ila kung'oa.

Mwanafunzi wa Dodoma ajifunze pia kuwajua watu wa mahali hapa. Singida zipo sehemu ambazo maji yake yana floraidi nyingi kupita kiwango cha miligramu 1.5 kwa lita kinachoshauriwa na Shirika la Afya Duniani. Watoto wanaokua wakinywa maji hayo huota meno yenye madoa ya kahawia, na kisha hudhaniwa kuwa ni wachafu. Mswaki hauondoi madoa hayo; kinga yake ni maji salama, na kuyadai ni kudai haki.

Tena ipo imani ya "meno ya nailoni", ambayo wataalamu wetu wamekuwa wakiiandika tangu miaka ya 1990. Mtoto mchanga anaharisha au ana homa. Fizi inaonekana imevimba na kuwa nyeupe. Mtu anachukua chombo chenye ncha kali na kuichokonoa. Kinachotolewa ni chipukizi la jino la kawaida. Mtoto huachiwa jeraha, damu na hatari ya pepopunda, na ugonjwa wenyewe unabaki bila tiba. Kumkaripia mama hakutoshi. Mwanafunzi ajifunze kumsikiliza, kumweleza, na kuhakikisha kwamba mtoto anatibiwa kuharisha kwake.

Ndugu viongozi wa walei, sehemu iliyobaki ni yetu. Jumuiya zetu ziwakaribishe wanafunzi hawa vigangoni wafundishe na kupima. Tuwafundishe wazazi kwamba fizi ya mtoto haichokonolewi. Tuulize katika mikutano ya kijiji kama zahanati yetu ina vifaa vya kuziba jino, au koleo tu. Na tuendelee kuuliza mpaka tupate jibu.