Kwa Nini Maskini Amtetee Jaji

Siku ya Ijumaa, tarehe 1 Septemba 2017, Mahakama ya Juu ya Kenya ilibatilisha uchaguzi wa rais uliofanywa tarehe 8 Agosti mwaka huo, ikaagiza urudiwe katika muda wa siku 60. Majaji wanne walikubaliana na hukumu hiyo na wawili wakaipinga. Jambo la namna hiyo halikuwa limepata kutokea katika bara la Afrika, na dunia ilistaajabu. Rais Uhuru Kenyatta alitoa kwanza hotuba ya utulivu, akasema kwamba hakubaliani na hukumu lakini anaiheshimu. Siku hiyo hiyo alikwenda katika Soko la Burma, lile soko la nyama lililo jirani na mtaa wa Shauri Moyo (jina ambalo ningetamani liandikwe juu ya mlango wa kila mahakama), na huko, mbele ya umati, maneno yakawa mengine. Jaji Mkuu David Maraga na wenzake waliitwa wakora. Wakakumbushwa pia kwamba mtu waliyemfutia ushindi hakuwa tena rais mteule, bali rais aliye madarakani. Umati ukashangilia.

Msomaji, sikusudii kujadili nani alistahili kushinda uchaguzi ule. Swali langu ni jingine. Kwa nini maneno yale yalisemwa Burma, yasisemwe Muthaiga au Karen wanakokaa wenye mali? Yamkini msemaji alitumaini kwamba wachuuzi, makuli, mafundi na walinzi wa mitaa ya Eastlands watamwona jaji kuwa mtu wa mbali, mwenye joho na Kiingereza kigumu, asiyewahusu. Nami nasema kwamba tumaini hilo lilikuwa na msingi, na kwamba ni msiba kwetu kuwa lilikuwa na msingi. Hakuna mtu katika Nairobi anayemhitaji jaji asiyemwogopa rais kuliko mtu wa Eastlands. Kila anayemfundisha mtu huyo kumcheka jaji anamnyang'anya silaha pekee aliyo nayo.

Tajiri ana njia nyingi. Serikali ikitaka kupitisha barabara katika kiwanja chake, humpigia simu waziri, wakala chakula pamoja, na barabara ikajipinda. Asipoweza hivyo, huajiri wakili, hununua kurasa za magazeti, au huhamisha fedha zake katika nchi nyingine. Mpangaji wa chumba kimoja cha Kaloleni, Bahati, Jericho au Dandora hana nambari ya simu ya Ikulu. Diwani wake humjua wakati wa kura. Chifu humjua wakati wa michango. Siku atakapobandikiwa ilani mlangoni ataweza kwenda mahali pamoja tu ambapo sheria humlazimisha mwenye nguvu asimame na kujibu maswali yake.

Chukua habari ya Muthurwa. Mtaa huo ulijengwa zamani za ukoloni kwa ajili ya wafanyakazi wa reli, na wengi waliokaa humo walikuwa wamezeeka katika kazi hiyo au walizaliwa na wazee hao. Mnamo Julai 2010 wapangaji walipewa ilani ya siku 90 wahame, kwa kuwa ardhi ilikuwa mali ya mfuko wa malipo ya uzeeni wa wafanyakazi wa Shirika la Reli, na mfuko ulitaka kuiendeleza. Wapangaji hawakuwa na pa kwenda. Wakaieleza mahakama kwamba vyoo vinabomolewa na maji yamekatwa wakati wao wangali ndani ya nyumba. Watu kumi na wawili waliweka majina yao katika shauri dhidi ya mfuko huo, dhidi ya Shirika la Reli, na dhidi ya Mwanasheria Mkuu wa Serikali mwenyewe. Hebu pima mizani hiyo, msomaji: upande mmoja mtu anayechota maji kwa mtungi, upande mwingine dola.

Hukumu ilitolewa mwezi wa Agosti 2013 na Jaji Isaac Lenaola wa Mahakama Kuu. Hakuwapa wapangaji ardhi isiyo yao, wala hakudai kwamba mwenye mali hana haki. Alisema kwamba binadamu hawatolewi katika makao yao kwa namna ile. Kifungu cha 43 cha Katiba ya 2010 kinatambua haki ya kila mtu kupata makao yafaayo, na pande zote sharti zikae na kupanga jinsi ya kuhama kwa utaratibu wa kiutu. Akaiagiza Serikali ieleze katika muda wa siku 90 ina mipango gani ya makao kwa watu wa namna hiyo. Je, jaji ambaye anaweza kufukuzwa kazi kwa barua ya asubuhi angeandika maneno hayo?

Hatuna haja ya kubahatisha jibu, kwa maana Kenya imepata kuwa na majaji wa barua ya asubuhi. Mnamo 1988, chini ya Rais Daniel arap Moi, Bunge la chama kimoja liliibadili Katiba na kuondoa ulinzi wa kazi za majaji wa Mahakama Kuu na Mahakama ya Rufaa. Sheria hiyo hiyo iliruhusu polisi kumzuia kwa siku 14 mtu anayetuhumiwa kosa lenye adhabu ya kifo. Mwaka uliofuata Mahakama Kuu ilitamka jambo ambalo mwanafunzi wa leo hudhani ni mzaha. Ilisema haiwezi kutekeleza haki za raia zilizoandikwa katika Katiba, kwa sababu Jaji Mkuu hakuwa ametunga kanuni za kupeleka mashauri hayo. Haki zilikuwa kitabuni na mlango wa kuzifikia ulikuwa umefungwa, na mwenye ufunguo alikuwa jaji mwenyewe.

Basi ukafika mwezi wa Julai 1990. Kenneth Matiba na Charles Rubia walikuwa wameitisha mkutano katika uwanja wa Kamukunji, hapa hapa Eastlands, kudai vyama vingi. Tarehe 4 Julai walikamatwa, wakawekwa kizuizini pasipo kushtakiwa. Tarehe 7 watu walikwenda Kamukunji hata hivyo, wakakuta virungu na moshi wa kutoza machozi, na ghasia zikaenea mitaani. Wako waliokufa. Mzee anayekumbuka siku hiyo hatakuambia kwamba alikimbilia mahakamani, kwani hapakuwa na mahakama ya kukimbiliwa. Ulinzi wa majaji ulirudishwa baadaye mwaka huo huo, na si kwa huruma: kelele za ndani na za nje zilikuwa zimezidi.

Jirani zetu wa Uganda walilipa zaidi. Mnamo Septemba 1972 Jaji Mkuu wao, Benedicto Kiwanuka, alitolewa ofisini mwake katika Mahakama Kuu ya Kampala na watu wenye silaha wa serikali ya Idi Amin, naye hakuonekana tena akiwa hai.

Najua utakalonijibu, kwa maana nimelisikia katika matatu na katika vibanda vya chai. Utasema majaji nao wanakula rushwa. Utasema mashauri hukaa miaka hata mdai akafa, na kwamba mwizi wa kuku hufungwa ilhali mwizi wa mamilioni hupewa dhamana na kiti bungeni. Sitakubishia. Baadhi ya hayo ni kweli tupu, na anayewatetea majaji kwa kuyaficha hawatetei. Lakini swali ni hili: nani amwondoe jaji mbaya, na kwa njia gani?

Katiba imeonyesha njia. Mtu awaye yote anaweza kupeleka malalamiko katika Tume ya Huduma za Mahakama. Tume ikiridhika, baraza maalumu huundwa, ushahidi husikilizwa, na jaji hujitetea. Njia hiyo si pambo. Naibu Jaji Mkuu wa kwanza chini ya Katiba hii, Nancy Baraza, alishtakiwa kwamba alimdhalilisha na kumtisha mlinzi wa kike katika jumba la maduka siku ya mwisho ya mwaka 2011. Baraza maalumu lilipendekeza aondolewe, na mwezi wa Oktoba 2012 akajiuzulu. Yaani neno la mlinzi wa mlangoni lilipimwa sawasawa na neno la jaji wa pili kwa ukubwa katika Jamhuri. Walinzi wa namna hiyo tunakaa nao Kayole na Umoja. Huamka alfajiri kwenda kulinda maduka wasiyoweza kununua kitu ndani yake. Hakuna rais aliyehitajika kupanda jukwaani ili haki ile itendeke.

Sasa linganisha na hotuba. Mapema mwezi wa Januari 2024 Rais William Ruto, akiwa Nyandarua, aliwashutumu baadhi ya majaji kwamba wanashirikiana na watu wenye nia mbaya kuzuia miradi yake ya nyumba na ya afya, akasema hatakubali jambo hilo. Mwezi wa Novemba uliotangulia Mahakama Kuu ilikuwa imesema kwamba tozo ya nyumba, asilimia 1.5 ya mshahara, haikuwekwa kwa msingi wa sheria ulio sawa na iliwabagua wenye ajira rasmi. Hoja ya Rais ilikuwa tamu masikioni mwa Eastlands: nyumba zile ni za maskini, basi azuiaye tozo ni adui wa maskini. Mawakili waliandamana wakiwa na utepe wa zambarau. Tarehe 26 Januari Mahakama ya Rufaa nayo ikakataa kuruhusu tozo iendelee. Ikawaje? Bunge likatunga sheria mpya, Rais akaitia sahihi mwezi wa Machi, na tozo ikaendelea. Miezi michache tu, basi! Kasoro ilitafutiwa sheria mpya, ujenzi haukufa, na mchango wa mfanyakazi ukapata sheria ya kuulinda. Ni madhara gani hayo yaliyostahili majaji kutukanwa hadharani?

Tena matusi si njia mbaya kuliko zote, kwa kuwa husikika. Ziko njia za kimya. Mnamo 2019 tume ilipendekeza watu 41 wateuliwe kuwa majaji. Katiba haimpi Rais ruhusa ya kuchagua katika orodha hiyo kama achaguaye nyanya sokoni, na Mahakama Kuu ilimwambia hivyo mwaka 2020. Hata hivyo karibu miaka miwili ilipita huku mashauri yakirundikana. Tarehe 3 Juni 2021 aliwateua 34 na kuwaacha sita. Wawili kati ya hao sita, Joel Ngugi na George Odunga, walikuwa katika jopo ambalo wiki tatu kabla ya hapo lilikuwa limeuzuia mpango mkubwa wa Rais wa kuibadili Katiba. Sita hao waliapishwa Septemba 2022 na Rais mpya, ndiye huyo Ruto aliyezungumza Nyandarua, na siku ile alisifiwa sana kuwa rafiki wa mahakama. Nalitaja hili ili usidhani kwamba nina ugomvi na mtu mmoja au chama kimoja. Ikulu hubadili wenyeji, kishawishi hakihami.

Na iko njia ya walinzi. Septemba 2024 Jaji Lawrence Mugambi alimhukumu kaimu Mkuu wa Polisi, Gilbert Masengeli, kifungo cha miezi sita, kwa kuwa alikuwa ameitwa mara saba aeleze walipo watu watatu waliopotea Kitengela, naye hakufika. Siku chache baadaye tume ilitangaza kwamba jaji huyo ameondolewa walinzi wake. Polisi walisema wameitwa mafunzoni. Tarehe 20 Septemba watu wale watatu walionekana wakiwa hai, na siku hiyo hiyo Masengeli akafika mahakamani akaomba radhi, na kifungo kikafutwa. Vijana wangapi wa Mathare, Kariobangi na Dandora wamepotea pasipo jaji wa kumwita mkubwa hata mara moja?

Mahakama ya Makadara haiko mbali na Barabara ya Jogoo. Wengi wenu mnapita karibu nayo mkienda shule. Mashauri husikilizwa hadharani, na viti vya nyuma ni vya umma. Ingia siku moja ya likizo, ukae kimya, utazame. Utamwona mama aliyekamatwa na askari wa jiji pamoja na karai lake la mboga, amevaa kitenge chake kizuri kama aendaye harusini, akisubiri jina lake liitwe.