Gmail Yako Ikifungwa Leo, Unabaki na Nini Mkononi?



Muulize muuzaji yeyote wa mtandaoni mali yake ni ipi. Atakuonyesha mzigo uliopo stoo, ukurasa wa Instagram wenye wafuasi wake, na namba ya WhatsApp ambayo wateja wameshaizoea. Imeili hataitaja. Kwa wengi wetu imeili ni kile kitu ulichofunguliwa na kijana wa dukani siku unanunua simu janja, pasiwedi ikaandikwa nyuma ya daftari, habari ikaishia hapo.

Sasa hebu jiulize. Ukisahau pasiwedi ya Instagram, kiungo cha kuibadilisha kinatumwa wapi? Mtu akijaribu kuingia kwenye ukurasa wako saa nane za usiku, taarifa inakwenda wapi? Ankara ya msambazaji wa Guangzhou, bei mliyokubaliana kabla hajaanza kukuzungusha, namba ya kufuatilia mzigo, risiti ya tangazo ulilolipia Facebook: vyote viko kwenye imeili ile ile usiyoikumbuka. Hapo ndipo zilipo funguo za duka, na daftari la duka liko humo humo. Na daftari lenyewe umeliacha kwa mtu mwingine, huna hata karatasi moja nyumbani.

Msimamo wangu ni huu, na najua kuna watakaobisha: kila mtu anayeuza mtandaoni awe na nakala ya barua zake nje ya kampuni inayomtunzia. Na anapochagua programu ya imeili, kitu cha kwanza kuangalia ni jinsi atakavyoweza kutoka nayo. Mambo ya muonekano na rangi yatafuata.

Jibu ninalolisikia sana ni, "Google ni wakubwa bwana, watapotezaje barua zangu?" Haya. Tarehe 27 Februari 2011 baadhi ya watumiaji wa Gmail walifungua akaunti zao wakakuta tupu. Barua hakuna, folda hakuna. Google wenyewe walisema walioathirika ni kama asilimia 0.02 ya watumiaji, na chanzo kilikuwa hitilafu kwenye toleo jipya la programu yao ya kuhifadhia data. Google huweka nakala kadhaa kwenye vituo tofauti, lakini safari hii hitilafu iligusa nakala zaidi ya moja. Barua zilirudi kwa sababu walikuwa na nakala nyingine kwenye kanda za sumaku, zimewekwa pembeni, hazijaunganishwa na mfumo. Kanda kabisa, kama za redio zetu za zamani!

Mimi hiki kisa nakipenda kwa sababu ya hizo kanda. Kampuni yenye mitambo yote ile iliokolewa na nakala iliyokuwa imekaa kando, haiguswi na mtu. Sasa wewe nakala yako iliyokaa kando iko wapi?

Wengine watasema, "Mbona zangu ziko kwenye simu na kwenye laptopu?" Hapo ndipo watu wengi wanapochanganya. Imeili nyingi siku hizi zinatumia mfumo unaoitwa IMAP au unaofanana nao. Barua yenyewe inakaa kwenye seva ya kampuni, na simu na laptopu ni madirisha mawili ya kuichungulia. Ukifuta kwenye simu, kwenye laptopu nako imeondoka. Akija mwizi wa akaunti akafuta barua zote, madirisha yote mawili yanaonyesha chumba kitupu. Halafu simu yenyewe hata haibebi barua zako zote. Programu ya Gmail kwenye simu, kama hujagusa mipangilio yake, inaweka barua za siku 30 tu ndani ya simu. Ya mwaka jana ukiitafuta inakwenda kuletwa kutoka kwenye seva, ndiyo maana bando likikata huioni.

Na tusiwazie ajali kubwa tu kama ile ya 2011. Kinachotupata sisi ni vitu vidogo vidogo. Gmail ya bure ina GB 15, na hizo zinagawanwa na Google Drive na Google Photos. Tangu tarehe 1 Juni 2021 hata picha zilizobanwa ukubwa zinahesabiwa humo. Siku hizi nakala ya WhatsApp kwenye simu za Android nayo inahesabiwa. Sasa mpigie hesabu muuza nguo anayepiga picha 40 za gauni moja, kila siku. Nafasi ikijaa, imeili haitumi wala haipokei. Mteja kaandika, msambazaji kaandika, wewe unaona kimya, unadhani biashara imepoa. Ukiendelea kukaa juu ya kiwango kwa miaka 2, Google wana haki ya kufuta vilivyomo. Na akaunti isiyotumika kabisa kwa miaka 2 nayo inaweza kufutwa. Kazi hiyo waliianza Desemba 2023. Wale wenye akaunti tatu tatu za "biashara ya zamani", mnasikia?

Kuna jingine la laini. Wengi tuliweka namba ya simu ya kurudishia akaunti, kisha laini tukaitupa tulipohamia mtandao wenye bando la bei nafuu. Laini isiyotumika hufungwa, na baadaye namba hiyo hugawiwa mtu mwingine. Siku unahitaji ile meseji ya uthibitisho, inaingia kwenye simu ya mtu usiyemjua, yuko zake Sumbawanga anashangaa hizi tarakimu za nini.

Sasa tuje kwenye kuchagua programu.

Kama una kompyuta yako mwenyewe, hata ile laptopu ya mtumba, ningekushauri Thunderbird. Ni ya bure, iko chini ya Mozilla, ile familia ya Firefox. Toleo lake la kwanza rasmi lilitoka Desemba 2004, kwa hiyo imeona programu nyingi zikizikwa. Unaiunganisha na Gmail, Yahoo au imeili ya tovuti yako, na inashusha barua hadi kwenye kompyuta. Kilichonivutia ni kwamba ina folda za ndani ya kompyuta, ambazo hazina uhusiano wowote na seva. Barua ukiinakili humo, hata akaunti ikifungwa kesho, barua ipo. Ila zingatia neno hilo, kunakili. Ukiihamisha, inaondoka kwenye seva na unabaki na moja tu, ambayo inakufa na kompyuta siku chai ikimwagika.

Na muhimu kuliko vyote, Thunderbird inahifadhi barua kwa mtindo wa MBOX. Ni mtindo wa zamani na wa wazi, programu nyingine nyingi zinausoma. Huo ndio mlango wa kutokea ninaousema. Programu inayokufungia barua zako kwenye mtindo ambao yenyewe tu ndiyo inaufungua, mimi siitaki hata iwe nzuri vipi.

Kwa nini nakazania mlango? Kwa sababu programu zinakufa. Eudora ilikuwa mfalme wa imeili miaka ya tisini, Qualcomm wakaiacha. Outlook Express iliyokuja na Windows XP, imekwenda. Juzi juzi tu, tarehe 31 Desemba 2024, Microsoft walisitisha ile programu ya Mail iliyokuwa ndani ya Windows 10, watu wakasukumwa kwenda Outlook mpya. Na hiyo Outlook mpya ina jambo lake: ukiweka akaunti ya Gmail humo, barua zinasawazishwa kupitia seva za Microsoft. Yaani badala ya mtunzaji mmoja sasa una wawili. Hapo nyumbani bado huna kitu. Sisemi usiitumie, nasema ujue.

Kuhusu POP, ule mfumo wa zamani, nitasema kifupi. Unashusha barua na mara nyingi unaifuta kwenye seva, kutegemea ulivyopangwa. Ukikuta mtu kakuwekea POP kwenye kompyuta ya dukani na barua hazionekani kwenye simu, chanzo mara nyingi ni hicho.

Wenye imeili ya jina la biashara, ile ya info na jina la duka, ninyi mko kwenye hatari zaidi na mnajiona mko salama zaidi. Barua zenu ziko kwa aliyewauzia nafasi ya tovuti. Msipolipia, akaunti inafungwa na barua zinakwenda. Jina lenyewe likiisha muda na mtu mwingine akalinunua, anaweza kufungua imeili ile ile na kuanza kupokea barua zenu, pamoja na viungo vya kubadilishia pasiwedi. Hakikisha usajili wa jina uko kwa jina lako na imeili yako. Usiwe kwa fundi aliyekutengenezea tovuti kisha akaenda zake.

Huna kompyuta? Bado unaweza. Kwa Gmail kuna takeout.google.com. Unaingia, unaondoa alama zote, unaacha ya barua peke yake, unaagiza. Google wanakuandalia faili, wanakutumia kiungo. Ukubwa wa vipande chagua GB 2, kwa sababu flashi nyingi za bei rahisi zimeandaliwa kwa FAT32, na hizo hazipokei faili moja inayozidi GB 4. Watu wanadhani flashi mbovu kumbe ni hivyo tu.

Ukifanyia kwenye kompyuta ya steshenari, tulia. Faili uliyoshusha ni barua zako zote, hazina kufuli. Zina anwani za wateja, namba zao, pengine na picha ya kitambulisho chako uliyomtumia wakala wa forodha. Ukiisha kuhamishia kwenye flashi, futa iliyobaki kwenye kompyuta, futa na kwenye kapu la takataka, toka kwenye akaunti. Kama una ndugu mwenye laptopu, nenda kwake, umnunulie soda.

Kisha ifungue. Hili watu hawalifanyi. Wana flashi imeandikwa "BACKUP" kwa kalamu nzito na hawajawahi kuona ndani kuna nini. Thunderbird inafungua MBOX kwa msaada wa kiongezi kiitwacho ImportExportTools NG. Tafuta barua moja unayoijua, mfano ankara ya mzigo wa mwisho, uone kama kiambatanisho kinafunguka. Kikifunguka, weka nakala ya pili kwenye flashi nyingine, ikae nyumba tofauti na ya kwanza. Flashi nazo hufa, tena bila kuaga.

Skrinishoti hazitoshi, najua mnazipenda. Siku mzigo umefika pungufu na msambazaji anakataa, skrinishoti inaonyesha maneno tu. Barua yenyewe ina tarehe, njia iliyopitia na kiambatanisho chenye idadi mliyokubaliana. Kuna na suala la kodi: Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya Tanzania ya mwaka 2015 inataka kumbukumbu zitunzwe miaka 5, na Kenya nako ni miaka 5. Ofisa akiuliza ulinunua kwa bei gani mwaka juzi, kumwambia imeili ilifungwa hakumsaidii yeye wala wewe.

Mara ngapi? Kwa biashara ndogo, mimi naona kila baada ya miezi miwili inatosha. Takeout unaweza kuipanga ijiandae yenyewe kila miezi 2 kwa mwaka mzima. Ila ikijiandaa ikakaa humo humo kwa Google hujafanya kitu, lazima uishushe. Kuagiza hakuli bando, kushusha ndiko kunakokula. Kwa hiyo agiza leo mchana, subiri kiungo, shusha kwa bando la usiku. Kiungo kinadumu kama siku 7, kikipita unaagiza upya.

Na ukiwa bado uko ndani ya akaunti, badilisha namba ya kurudishia iwe laini unayoitumia sasa. Washa uthibitisho wa hatua mbili, kisha chukua zile namba 10 za akiba ambazo Google wanakupa. Kila moja inatumika mara moja tu, na inafanya kazi hata simu ikiibwa. Ziandike kwenye karatasi, zikae pamoja na leseni ya biashara. Usizipige picha ukaziacha kwenye simu hiyo hiyo.