Unayepambana na Uraibu wa Ngono, Usipambane Peke Yako



Katika jumuiya zetu tumezoea kuwaombea wagonjwa kwa majina na kwa magonjwa yao. Tunamwombea mwenye presha, mwenye kisukari, hata ndugu aliyeshindwa kuacha pombe. Lakini ni nani amewahi kusimama kwenye Jumuiya Ndogo Ndogo akasema, "Niombeeni, nimeshindwa kuacha picha za ngono"? Ndugu huyo yupo. Anaimba kwaya, anasoma masomo Misani, analea watoto. Tusijidanganye, anaweza pia kuwa amevaa kanzu nyeupe katika kikanisa cha seminari. Sisi tunaosomea upadre hatukuletwa hapa tukiwa malaika. Tulikuja na miili yetu, na simu zetu, na mazoea ambayo baadhi yetu tuliyapata tukiwa bado sekondari.

Makala hii ni kwa ajili ya ndugu huyo, awe kijana, baba wa familia, dada au frateri, ambaye ameamua kuacha na sasa yuko njiani kupona. Tunataka kumwambia jambo moja: usipambane peke yako. Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Kwa uraibu huu, siri ndiyo chakula chake.

Tutazame jinsi unavyofanya kazi. Mtu amechoka, au ana upweke, au ametoka kugombana na mwenzake. Usiku bando lipo na mlango umefungwa. Anaangalia. Baada ya dakika chache anajichukia, anaapa kwamba hatarudia, anasali rozari kwa machozi. Kesho yake anawakwepa watu kwa sababu ya aibu, na kuwakwepa watu kunamrudishia ule ule upweke ulioanza kumsukuma. Mtu wa namna hii anaweza kusali sana na bado akazunguka katika mduara huo miaka mingi, kwa kuwa hajamruhusu mtu yeyote aingie ndani yake.

Kanisa halimdanganyi. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2354, inafundisha kwamba ponografia ni kosa zito, kwa sababu inamfanya mwanadamu kuwa kitu cha kutazamwa na kuuzwa. Lakini Katekisimu hiyo hiyo, namba 2352, inapozungumzia kujichua, inawataka wachungaji wazingatie nguvu ya mazoea, mahangaiko na kutokukomaa kwa mtu wanapopima uzito wa hatia yake. Na namba 2342 inakumbusha kwamba kujitawala ni kazi ya muda mrefu, na hakuna anayeweza kusema amekwisha kuimaliza. Anayemwambia ndugu huyu kwamba jambo lake ni la kawaida anamdanganya. Anayemwambia hana imani anamvunja moyo. Yote mawili yanamrudisha gizani.

Kuna ushauri mwingine tunausikia sana: "Oa, utatulia." Tuuache. Ndoa ni sakramenti, wala mke si dawa ya kumeza. Wengi waliingia na uraibu wao kwenye ndoa, na wake zao wakalipa gharama. Vivyo hivyo, daraja takatifu halimponyi mtu uraibu kwa sababu tu amepewa. Frateri anayelijua hilo kuhusu nafsi yake afungue moyo kwa baba yake wa kiroho mapema, kabla ya ushemasi, hata kama ukweli huo utamfanya asubiri au achague njia nyingine. Kuchelewa daraja ni maumivu, lakini kuishi maisha mawili ni maumivu makubwa zaidi, kwake na kwa waamini atakaowahudumia.

Basi tufanye nini? Kwanza, tuende kuungama, na ikiwezekana kwa muungamishi mmoja, ili aijue safari yetu. Siri ya kitubio haivunjwi kwa sababu yoyote. Pili, nje ya kitubio, tumpate mtu mmoja mwaminifu tunayeweza kumpigia simu kabla ya kuanguka. Mtakatifu Augustino alifungwa miaka mingi na mazoea ya mwili, na ile siku ya mwaka 386, katika bustani kule Milano, alipolia na kugeuka, rafiki yake Alipio alikuwa karibu naye. Tatu, tuweke mipaka ya kawaida kabisa: simu ilale sebuleni, programu zinazotuangusha zifutwe, usiku wa manane usitukute macho bila kazi. Nne, tusione haya kumwona mwanasaikolojia au mshauri nasaha. Anayekwenda hospitali kutibiwa malaria hajamkana Mungu.

Na tukianguka? Tuinuke siku hiyo hiyo. Aliyekaa miezi mitatu akaanguka mara moja hajarudi sifuri, kwa maana neema ya siku zile tisini haijafutwa. Tumkumbuke Mtakatifu Marko Ji Tianxiang, tabibu wa China. Alitumia afyuni kutibu maradhi ya tumbo, akawa mraibu. Aliungama dhambi ile ile mara nyingi, hata muungamishi wake akaona hana toba ya kweli, akamzuia sakramenti. Kwa takribani miaka 30 aliendelea kwenda kanisani bila kukomunika. Mwaka 1900 akauawa pamoja na jamaa zake kwa sababu ya imani, na mwaka 2000 Papa Yohane Paulo II akamtangaza mtakatifu. Uraibu wake ulikuwa mwingine, lakini kifungo kilifanana. Sisi tutakaoketi kesho katika kiti cha maungamo tunajifunza kwake kwamba anayerudi na dhambi ile ile huenda ndiye anayepigana kuliko wote.

Neno kwa familia: mke au mume aliyeumizwa asilazimishwe kusamehe haraka ili nyumba ionekane imetulia. Naye anahitaji wa kumsikiliza. Na pale palipo na mtoto au mtu yeyote aliyedhuriwa, kulindwa kwake kunatangulia. Taarifa ifike kwa wahusika, wala pasitafutwe kichaka cha huruma cha kumfichia mkosaji.

Ndugu yetu, huenda unaisoma makala hii usiku, kwenye simu ile ile inayokusumbua. Ukimaliza, iache sebuleni ukalale. Jumamosi padre atakuwa kanisani akiwasubiri waungamaji. Nenda. Nasi tutakuwa kwenye foleni hiyo hiyo.

Mtakatifu Augustino, utuombee.