Kazi Isituvunje Migongo

Mpini wa jembe ukivunjika tunachonga mwingine. Mtumbwi ukivuja tunauziba. Wavu ukichanika tunaushona. Lakini mgongo wa mtu ukiharibika, hakuna fundi wa kuuchonga upya. Hata hivyo vyombo vyetu vya kazi tunavitunza kuliko tunavyoitunza miili yetu. Mimi naona hili si sawa, na nitaeleza kwa nini.

Hapa Mwamgongo karibu kazi zote ni za kuinama au za kubeba. Kijiji kimebanwa kati ya milima na Ziwa Tanganyika, kaskazini ya Hifadhi ya Gombe. Mihogo hulimwa mlimani, nayo hushuka kichwani. Kuni hushuka kichwani. Mikungu ya michikichi hubebwa, kisha mawese hukamuliwa kwa nguvu za mikono. Usiku wa giza wavuvi wako ziwani wanavuta nyavu za dagaa. Asubuhi akina mama wako mwaloni, wameinama, wanaanika. Mizigo ya mjini hupakiwa kwenye boti ziendazo Kibirizi, na mpakiaji huingia majini na gunia begani. Jina la kijiji chetu lina neno mgongo ndani yake. Sisemi kwamba hiyo ndiyo asili ya jina, lakini linafaa.

Uti wa mgongo ni pingili nyingi zilizopangwa moja juu ya nyingine. Kati ya pingili na pingili pana kitu mfano wa mto mdogo, kigumu kwa nje na laini kwa ndani. Mito hiyo ndiyo inayotuwezesha kuinama na kugeuka. Mtu akiinama na kunyanyua mzigo ulio mbali na mwili wake, mito hiyo hubanwa sana. Siku ya kwanza huenda asione kitu. Akiendelea hivyo mwaka hata mwaka, mto mmoja unaweza kutokeza nje na kubana mshipa wa fahamu unaokwenda mguuni. Ndipo mtu husema kiuno kinamkata, na mguu unawaka moto au unakufa ganzi.

Usiniamini tu. Jaribu mwenyewe. Tia maji lita 5 katika ndoo. Ishike kwa mikono miwili karibu na tumbo. Sasa nyosha mikono mbele yako, uishike hivyo hivyo. Maji hayakuongezeka, lakini ndoo imekuwa nzito mara nyingi. Mgongo wako unahisi vivyo hivyo unapoinama kunyanyua mzigo ulio mbali na miguu yako. Kwa hiyo sogea karibu na mzigo, kunja magoti, ukumbatie mzigo, kisha simama kwa nguvu za miguu. Ukitaka kugeuka, geuza miguu. Usiuzungushe mgongo peke yake huku umebeba.

Lakini namna ya kunyanyua haitoshi kama mzigo wenyewe umezidi. Ndoo ya lita 20 za maji ina kilo 20, bila kuhesabu ndoo. Dumu la lita 20 za mawese lina kilo 18 hivi. Hii ni mizigo ya kila siku, nayo si midogo. Gunia je? Sheria yetu ya vipimo inakataza lumbesa, na inataka gunia la mazao lisizidi kilo 100. Sheria hiyo ni nzuri, kwa sababu inamlinda mkulima asipunjwe. Lakini haikupima bega la mpakiaji. Mwaka 1967 Shirika la Kazi la Kimataifa lilipendekeza kwamba mwanamume mmoja asibebeshwe zaidi ya kilo 55, na mzigo wa mwanamke uwe mdogo kuliko huo kwa kiasi kikubwa. Kilo 100 ni karibu mara mbili.

Watu hupenda kusema kwamba wazee wetu walibeba na hawakulalamika. Basi tuwaangalie wazee hao. Katika karne ya 19, wapagazi wa misafara walitembea kati ya Ujiji na Bagamoyo, mwendo wa zaidi ya kilomita 1,000. Mzigo wa kawaida wa mpagazi mmoja ulikuwa kama frasila mbili, yaani kilo 30 na kidogo zaidi. Wale walikuwa watu waliozoea kubeba, na kubeba ndiyo ilikuwa kazi yao. Sisi leo tunampa kijana mmoja mzigo wa wapagazi watatu, tena anakanyaga mawe yanayoteleza majini.

Kijana mwenyewe atasema: "Nalipwa kwa gunia. Gunia likipungua, mshahara wangu utapungua." Hoja yake ni ya kweli, wala si ya kudharauliwa. Ndiyo maana nasema tatizo liko kwenye malipo, halimo katika gunia peke yake. Mwenye mali agawe gunia la kilo 100 mara mbili, na alipe kwa kilo. Mpakiaji atakwenda safari mbili, atapata fedha ile ile, na akifika miaka hamsini bado ataweza kupanda mlimani kwenye shamba lake.

Jambo hili la kupanga kazi ili imfae mtu si geni duniani. Mwaka 1700 daktari mmoja wa Italia, jina lake Bernardino Ramazzini, alitoa kitabu kuhusu magonjwa ya wafanyakazi. Aliwafundisha madaktari wamwulize mgonjwa anafanya kazi gani. Swali hilo ni fupi, lakini lina maana sana kwa mtu anayelalamika kiuno.

Nchini Marekani, katika jimbo la California, wafanyakazi wa mashamba ya mboga walilazimishwa kutumia jembe lenye mpini mfupi sana. Walishinda wameinama kutwa. Wenye mashamba walisema jembe refu litaharibu mazao. Tena lile fupi lilimfaa msimamizi: aliyesimama wima kupumzika alionekana mara moja. Wafanyakazi walipinga, wakaenda mpaka mahakamani, na mwaka 1975 jembe lile likapigwa marufuku. Mashamba yanaendelea kulimwa mpaka leo. Sasa angalia mpini wa jembe lako. Kama ni mfupi, nani amekulazimisha? Chonga mrefu. Na huku kwenye miteremko, lima ukielekea juu ya mlima. Hapo ardhi iko karibu na mikono yako, na huinami sana.

Naja kwa akina mama waanikaji. Kazi yao ndiyo inayonisikitisha zaidi, kwa sababu dawa yake inajulikana na iko karibu. Dagaa wakianikwa mchangani, mwanikaji huinama kuwatandaza, huinama kuwageuza, huinama kuwakusanya, na huinama tena kuchambua mchanga. Jirani zetu wa Burundi, katika ziwa hili hili, walianza mwaka 2004 kufundishwa na Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa kuanika dagaa juu ya vichanja vya waya, vilivyoinuliwa kama mita moja kutoka chini. Mwanikaji husimama wima. Hewa hupita juu na chini, dagaa hukauka upesi, kuku hawawafikii kwa urahisi, wala hawana mchanga. Mnunuzi hutoa bei nzuri zaidi kwa dagaa safi. Tunahitaji miti, misumari na waya au kipande cha wavu mkuukuu. Naona aibu kwamba bado tunaanika chini.

Waya una gharama, najua. Lakini mwenye chombo anayenunua taa na injini anaweza kuchangia kichanja. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri alinde afya ya watu wanaomfanyia kazi. Asidhani kwamba sheria hiyo ni ya viwanda vya Dar es Salaam tu. Na kwa wale wasio na mwajiri, Halmashauri ya Kijiji iweke kichanja cha mfano mwaloni, watu wakione kwa macho yao.

Neno moja kuhusu vidonge. Wapo wanaomeza dawa ya maumivu asubuhi ili waende kubeba tena. Maumivu ni mwili unaokuambia pumzika. Ukiyazima kwa kidonge na kurudi kwenye gunia, unajiumiza zaidi bila kusikia. Mgongo unaouma kidogo haudai kulala wiki nzima. Tembea, fanya kazi nyepesi, acha mizigo kwa muda. Lakini mtu akiumwa mgongo na miguu ikalegea, au akafa ganzi mapajani kwa ndani, au akashindwa kukojoa au kuzuia haja, hiyo ni hatari kubwa. Apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, asingoje boti ya kesho.