Zulia Jipya, Kutu Ile Ile

Wiki hii naomba tuwape wanasiasa likizo, tuzungumzie zulia. Sio lile jekundu wanalotandikiwa wakubwa uwanja wa ndege. Nazungumzia zulia la sakafu ya gari, na gari lenyewe sio hizi zilizoshuka bandarini juzi. Nasema yale magumu ya zamani: Land Rover 109, Land Cruiser za miaka ya sabini, Range Rover za mwanzo mwanzo. Magari yaliyowabeba mabwana shamba, wauguzi na wakuu wa wilaya kabla wengi wetu hatujazaliwa.

Najua kuna msomaji ameshaanza kucheka. Nchi ina mambo chungu nzima, huyu anatuletea habari za kapeti! Vumilia kidogo, ndugu yangu. Kuna pesa zako hapa, na kuna roho yako pia.

Hoja yangu ni moja tu: zulia la gari la zamani linafaa pale tu linapoweza kuinuliwa. Zulia lililobandikwa kwa gundi sakafuni, hata liwe zuri kama la sebuleni kwa waziri, ni kifuniko. Na sisi kwa kufunika mambo hatujambo.

Magari haya yamerudi kwenye chati. Oktoba 2024 Arusha ilifanya tamasha zima la Land Rover, na tangu hapo sioni kama homa imeshuka. Vijana wa rika langu, waliomaliza chuo na kupata vijisenti, wanatafuta 109 iliyolala chini ya mwembe kwa babu na kuipeleka gereji. Inapigwa rangi mpya, taa mpya, viti vipya. Mwisho kabisa linakuja zulia, na hapo ndipo kila mtu anaacha kufikiri. Anachagua rangi kama anayechagua pazia, fundi anamwaga gundi, kazi imekwisha.

Mwaka jana nilifuatana na mjomba wangu kwenda kuangalia Series III iliyokuwa inauzwa. Nje inang'aa. Ndani zulia jekundu, nene, bado linanukia gundi. Mjomba aliendesha 109 ya chama cha ushirika kwa miaka mingi, hivyo hakuangalia injini kwanza. Aliomba zulia liinuliwe.

"Mzee, hilo limewekwa juzi tu," akasema muuzaji. "Ukilivuta utaliharibu."

"Basi niharibu, nitalilipia."

Muuzaji akaanza kuangalia simu. Mjomba akainama upande wa dereva, akapata pembe moja ambayo haikuwa imeshika, akaiinua, akabonyeza bati kwa dole gumba. Bati likabonyea kama boksi lililonyeshewa. Tulishukuru, tukaondoka. Njiani mjomba alisema neno moja tu: "Zulia lilikuwa jipya kuliko gari." Muuzaji yule simtaji, maana wa aina yake wako wengi na kumtaja mmoja ni kuwasahau wenzake.

Sasa wapo watakaosema, Land Rover haili kutu, bodi yake ni alumini. Hiyo ni nusu ya ukweli. Land Rover ya kwanza ilioneshwa Amsterdam mwezi Aprili 1948. Uingereza ilikuwa ndio kwanza imetoka vitani na chuma kilikuwa cha mgawo, kwa hiyo kampuni ya Rover ikatumia alumini kwenye sehemu kubwa ya bodi. Lakini chesisi ilikuwa ya chuma. Na kwenye Series II na III, ule ukuta unaotenganisha injini na abiria, pamoja na pale unapoweka miguu, ni chuma. Yaani mahali ambapo viatu vyenye matope vinakaa, na ambapo maji yakivuja kutoka kwenye kioo cha mbele yanaishia, ndipo penye chuma kinachooza. Tena chuma na alumini vikigusana huku kuna unyevu, hasa wenye chumvi, alumini nayo inaanza kuliwa na kugeuka unga mweupe. Sisi tunaokaa Dar es Salaam, Tanga au Mtwara tunaishi ndani ya chumvi. Land Cruiser za mfululizo wa 40, zilizotengenezwa kuanzia 1960 hadi 1984, hata hiyo nafuu ya alumini hazina. Bodi ni chuma kitupu.

Waliounda magari haya hawakuwa wajinga. Land Rover za kazi ziliwekewa mati za mpira, sio mazulia. Hata Range Rover ilipotoka mwaka 1970, na ile ilikuwa gari la watu wenye nafasi, ndani yake ilikuwa ya plastiki na mpira ili mwenye nayo aweze kuiosha kwa mpira wa maji akitoka shamba. Mazulia ya kifahari yalikuja baadaye, wateja walipoanza kwenda nayo kwenye hoteli badala ya zizini.

Sisemi tusiweke zulia. 109 bila zulia ni ngoma. Giaboksi inalia, joto linapanda kutoka chini, na ukifika Chalinze umeshakuwa kiziwi. Zulia linapunguza kelele, linapunguza joto, na ukweli ni kuwa linapendeza. Ninachosema ni kwamba kazi ya zulia inaanza kabla ya zulia.

Kwanza toa viti, toa zulia kuukuu, acha sakafu ikauke juani. Kisha tafuta maji yanaingilia wapi. Mwambie mtu amwage maji juu ya gari wewe ukiwa ndani na tochi: angalia chini ya fremu ya kioo cha mbele, vile vifuniko vya kupitishia hewa, raba za milango. Usipoziba hapo, zulia jipya litakuwa sifongo. Halafu chukua brashi ya waya na bisibisi, kwaruza na chokonoa. Palipooza pakatwe, pachomelewe bati jipya, papakwe rangi ya kuzuia kutu, ndipo ije rangi ya juu. Hapo ndipo pesa yako iende. Ukiwa na laki tano, afadhali nne na nusu ziende kwenye bati na hamsini ibaki ya zulia, kuliko kinyume chake.

Pili ni kuchagua. Pale Kariakoo utaonyeshwa kapeti la kila namna, na lile lenye manyoya marefu ndilo litakalokuita. Liache. Linakamata mchanga, na mchanga ukishika unyevu haukauki. Sufu ni nzuri kwa magari ya kifahari yanayolala ndani, lakini ikinyonya maji inachukua muda mrefu kukauka. Tafuta nyuzi fupi za nailoni au polipropilini, zilizosukwa zikabana. Geuza uone mgongo wake. Ukiwa wa katani kama gunia, ujue utaoza. Na lile sponji la njano la magodoro ambalo mafundi wengi hulitandika chini ili zulia lionekane nene, likatae kabisa. Linakunywa maji na kuyatunza kama mtungi. Kama unataka kuzuia kelele, tumia lile povu gumu ambalo vitundu vyake vimeziba, lisilopitisha maji. Kata kipande kidogo, kitumbukize kwenye ndoo usiku kucha, asubuhi kikamue. Kikitoa maji, hakifai.

Wenye uwezo huagiza mazulia yaliyokwisha kukatwa kutoka Uingereza. Ni wazo zuri, na bahati yetu wao kama sisi usukani uko kulia. Ukiagiza Marekani au Ulaya bara, hakikisha hukuletewa ya usukani wa kushoto, maana matundu ya pedali hayatakutana na pedali zako.

Tatu ni kufunga. Usikubali zulia liwe kipande kimoja. Dereva awe na chake, abiria chake, mgongo wa giaboksi chake, na nyuma chake. Chora patani kwa maboksi kwanza, jaribu, punguza, ndipo ukate zulia. Zile liva tatu za Series, yaani ya gia, ile yenye kirungu chekundu na ile yenye kirungu cha njano, zipewe nafasi ya kusogea mpaka mwisho bila kugusa kitu. Pembeni pashonwe mkanda na fundi viti ili nyuzi zisifumuke. Kisha shikiza kwa vifungo vya kubonyeza au mkanda wa kunata, ule wa kwenye mabegi na viatu vya watoto, sio gundi.

Kwa nini nang'ang'ania gundi? Kwa sababu kwenye Series giaboksi hutolewa kwa kupitia ndani ya gari. Fundi lazima ang'oe mabati ya sakafu na boksi la viti. Ukishabandika zulia juu ya bolti zote, siku klachi ikifa lazima zulia lichanwe, na likishachanwa litarudishwa kwa gundi zaidi, na chini yake hakuna atakayeangalia tena. Gari la zamani ni mgonjwa wa kudumu. Huwezi kumshonea nguo isiyovulika.

Na nilisema kuna roho yako. Agosti 2009 huko California, gari aina ya Lexus ES 350 lilishindwa kusimama na watu wanne waliokuwemo wakafa. Wachunguzi walikuta lilikuwa na mati ya mpira iliyotengenezwa kwa ajili ya Lexus RX 400h, gari jingine kabisa, na mati hiyo ndiyo iliyonasa pedali ya mafuta. Mwezi uliofuata Toyota ilitangaza kuyaita magari yapatayo milioni 3.8 nchini Marekani kwa sababu ya hatari hiyo hiyo. Gari la kisasa, barabara ya kisasa, na kilichoua ni kitandiko cha miguuni. Sasa fikiria 109 yenye zulia nene la sebuleni lililojikunja chini ya breki, unateremka Kitonga, nyuma yako kuna semi-trela. Kwa hiyo kabla hujawasha injini, kanyaga klachi, breki na mafuta mpaka mwisho, mara ishirini. Zulia likigusa hata kidogo, likatwe. Na juu ya zulia usitandike mati nyingine ya kuteleza.

Nilipomweleza haya fundi mmoja ninayemheshimu, alinijibu: "Kaka, mteja hataki kusikia habari za kutu. Anataka aingie ndani aone pamependeza. Nikimwambia bati limeoza ataniona namtafutia bei, ataenda kwa jirani." Nikakosa la kumjibu, maana anasema kweli. Fundi anafunika kwa sababu sisi tunalipia kufunikwa. Tunataka picha ya kuwaonyesha marafiki. Hospitali ikisikia mgeni rasmi anakuja inapaka chokaa ukuta wa mbele, na sisi waandishi tunapiga picha ukuta wa mbele. Fundi zulia ana kosa gani la peke yake?

Lakini tofauti ipo. Mgeni rasmi huondoka, wewe gari utabaki nalo. Wahenga walisema funika kombe mwanaharamu apite, na huenda kwa mambo ya watu ushauri huo unafaa. Kwa sakafu ya gari haufai, kwa sababu kutu ni mwanaharamu asiyepita. Ukimfunika anapanga chumba humo humo, anazaa, na siku ya kuhama anaondoka na sakafu.

Basi ukienda kununua gari la zamani, usiulize zulia limegharimu kiasi gani. Omba liinuliwe. Mwenye nalo akiinua bila kusita, kaeni chini muongee bei. Akianza kuangalia simu, mshukuru kwa muda wake. Na ukiwa wewe ndiye unayetengeneza, mwambie fundi mapema: bati kwanza, zulia baadaye, gundi hapana.

Nawasilisha.