Masanduku Yasiyofunguliwa

Juma hili nataka tuzungumze juu ya watu wazima wa Ulaya, Marekani na Japani ambao hujaza vyumba vyao masanduku ya vitu vya kuchezea, wala hawavichezei. Msicheke upesi. Jambo hili lina fedha ndani yake, tena lina wake na watoto ndani yake, na ukilichungulia vizuri utaona jinsi hofu ya kukosa kitu inavyoweza kukifanya kitu hicho kikosekane kweli.

Kwanza nieleze kitu chenyewe, maana wengi wenu hamjakiona. Ni sanduku jepesi la karatasi ngumu, lenye picha nzuri juu yake, ya ndege, au manowari, au kifaru cha vita. Ukilifungua huoni ndege. Unaona vipande vya plastiki, kumi, hamsini, au mia tatu, vimeshikana na vijiti kama matunda kwenye vikonyo vyake. Pamoja navyo iko karatasi ya maelezo, na karatasi nyingine ndogo yenye alama za rangi za kubandika kwa maji. Mwenyewe hukata vipande kimoja kimoja, huvisugua, huviunga kwa gundi, hupaka rangi, na baada ya majuma kadhaa anayo ndege mezani, imepunguzwa kwa kipimo kamili. Kipimo kinachopendwa sana ni 1/72. Ndege ya Waingereza iitwayo Spitfire, ambayo mabawa yake ni mita 11 na kidogo toka ncha hata ncha, kwa kipimo hicho haifiki hata shibiri.

Ni kazi ya subira, nami naiheshimu. Fundi mzuri wa mambo hayo atakaa siku tatu akirekebisha gurudumu dogo kuliko punje ya mtama.

Zamani vitu hivi vilikuwa vya watoto. Huko London mtu mmoja aliyetoka Hungaria, jina lake Nicholas Kove, alianzisha kampuni ya Airfix mwaka 1939. Haikuanza na mifano ya kuunga. Ilitengeneza vitu vya raba vya kujaza upepo, baadaye vitana. Mwishoni mwa miaka ya 1940 waliombwa watengeneze trekta dogo la Ferguson kwa ajili ya wauzaji wa matrekta, nao wakaona ni nafuu kuliuza likiwa vipande, mnunuzi aunge mwenyewe. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 wakatoa jahazi la Golden Hind, lile la nahodha Francis Drake, likauzwa katika maduka ya Woolworths ndani ya mfuko wa plastiki kwa shilingi mbili. Shilingi mbili! Kijana aliweza kuzipata kwa kazi ndogo ndogo, akanunua moja, akaiunga Jumamosi, akarudi kutafuta nyingine. Hakuna aliyewaza kuweka akiba, kwa sababu alijua Jumamosi ijayo duka lipo, na jahazi lipo.

Basi imekuwaje leo mtu wa miaka hamsini awe na masanduku mia mbili chini ya kitanda?

Sababu ya kwanza imo kiwandani. Vipande hutoka katika kalibu ya chuma, kama vile matofali yanavyotoka katika kalibu ya mbao, ila hii imechongwa kwa ustadi mkubwa, nayo ina gharama kubwa kupita vitu vyote vya kazi hiyo. Plastiki huyeyushwa, husukumwa kwa nguvu ndani ya kalibu, hupoa kwa muda mfupi, kalibu hufunguka, vipande hudondoka. Mashine moja ikifanya kazi siku chache tu hutoa mifano ya kutosha kuuzwa kwa miezi mingi. Kwa hiyo kiwanda hakitengenezi ndege ile ile kila siku. Huweka kalibu ya Spitfire mashinani, hupata idadi inayotakiwa, kisha huitoa, huipaka mafuta isipate kutu, huirudisha rafuni, na kuweka kalibu ya meli au ya gari. Zamu ya Spitfire itarudi mwakani, au baada ya miaka mitatu, au mitano. Katikati hapo, mwenye duka anakwambia: hakuna.

Neno hilo "hakuna" ndilo linalowaponza watu. Kwa mwenye kiwanda maana yake ni "bado." Kwa mnunuzi maana yake ni "imekwisha, hutaiona tena." Naye akiiona moja imebaki katika duka la mji wa pili, hainunui moja, akikuta mbili atachukua zote mbili, maana nani ajuaye? Mwenzake akija kesho hakuti kitu, naye moyo wake unaingia hofu ile ile. Siku toleo jipya linapofika, wote wawili wako mlangoni asubuhi na mapema, na wa tatu ambaye hapendi mifano hata kidogo amesimama nao, amekuja kununua ili awauzie kwa bei ya mara mbili. Sisi tuliowahi kupanga foleni ya sukari hatuhitaji kufundishwa habari hii.

Japani wameiona sana. Huko kampuni ya Bandai ilianza mwaka 1980 kuuza mifano ya Gundam, yaani mitu mikubwa ya chuma iliyotoka katika mchezo wa televisheni wa mwaka 1979. Watoto waliipigania tangu miaka ile ya mwanzo. Ulipokuja ugonjwa wa korona mwaka 2020, watu wakafungiwa nyumbani, na wengi wakaona hiyo ndiyo nafasi yao ya kuunga mifano. Rafu zikabaki tupu, na walanguzi wakapata sikukuu yao. Maduka mengine yakaamua kwamba mtu mmoja asinunue zaidi ya sanduku moja au mawili ya aina moja. Viwanda havikulala, vilikuwa vikitoa mali. Lakini mali ikitoka mlango wa mbele, hofu ilikuwa inaisubiri nje.

Labda utaniuliza: je, hofu hiyo haina msingi hata kidogo? Kampuni hazifi? Zinakufa, tena nyingi. Hapa ndipo pa kutazama kwa makini.

Iko habari ya Frog, jina la zamani kuliko Airfix. Kabla ya Vita Kuu ya Pili, mwaka 1936, wao walikuwa wakiuza mifano midogo ya ndege ya kuunga, ya plastiki za wakati ule. Mwaka 1976 Frog ilikoma. Wapenzi wake waliona msiba. Lakini kalibu za chuma hazikuzikwa. Nyingi zilikwenda Urusi ya Kisovieti, na ndege zile zile zikarudi madukani katika masanduku yenye jina la Novo. Tena kuna kichekesho ndani yake: Warusi hawakuzitaka kalibu za ndege za Wajerumani na Wajapani, adui zao wa vitani, basi hizo zikachukuliwa na kampuni ya Revell. Kwa hiyo aliyeponda fedha kununua Frog za mwisho mwaka 1976, akidhani anaokoa kitu kisirudi kuonekana duniani, baadaye aliikuta ndege yake ikiuzwa kwa bei rahisi, imebadili sanduku tu.

Airfix yenyewe ilianguka mwaka 1981. Ikanunuliwa na Palitoy. Mwaka 1986 ikawa mali ya Humbrol, watengenezaji wa rangi. Mwaka 2006 Humbrol nao wakaanguka, kwa kuwa kiwanda cha Heller huko Ufaransa, kilichokuwa kikiwatolea vipande vingi, kilipatwa na shida za fedha. Mwaka huo huo wenye treni ndogo za Hornby wakainunua. Imeanguka mara mbili, na leo Spitfire ya Airfix ipo. Mwaka 2018 ilikuwa zamu ya Hobbico huko Marekani, waliokuwa na Revell, na Revell ikapata mwenyewe mpya Ujerumani. Kalibu ni mali. Mwenye kudai deni hawezi kuitupa. Atamuuzia mtu, na mtu huyo hatainunua aiweke ukutani kama picha.

Hata hivyo nisiwadanganye. Viko vitu ambavyo havirudi. Mafundi wadogo, wengi wao wa Ulaya ya Mashariki, hutumia kalibu za bei nafuu zisizodumu kama zile za chuma kigumu, nazo hutoa idadi ndogo ndipo zichakae. Wengine humimina utomvu wa kemikali katika kalibu za raba laini, na raba hiyo huchanika baada ya kutoa makumi machache tu. Ndege ya mafundi hao ukiitaka, na una nia ya kuiunga, inunue inapotoka; mimi nisingekulaumu. Lakini kuna na mchezo wa tatu. Kampuni kubwa huchukua plastiki ile ile ya siku zote, hutia ndani vipande vichache vya shaba na alama mpya, huandika juu ya sanduku kwamba toleo hili ni la idadi maalum, na bei hupanda. Kwa sehemu kubwa, kinachoisha pale ni sanduku. Ndege itarudi.

Sasa tufanye hesabu kidogo, kama tulivyokuwa tukifanya ubaoni. Tuseme mtu ana kazi na familia, naye anaweza kuunga mifano sita kwa mwaka. Huyo ni mwenye bidii. Lakini kwa hofu ananunua ishirini. Kila mwaka kumi na nne wanabaki. Baada ya miaka kumi ana masanduku 140, na hata akiacha kununua siku hiyo, itamchukua zaidi ya miaka ishirini na tatu kuyamaliza. Alianza akiwa na miaka arobaini na mitano. Hesabu iliyobaki fanyeni wenyewe. Watu hao hufanya mzaha juu yake. Husema rundo limepita umri wa mwenye rundo. Mkewe hacheki sana, maana chumba ni chake pia, na kila sanduku lililomo lilinunuliwa kwa fedha ambayo ingeweza kuwa kitu kingine.

Tena rundo halikai kama lilivyowekwa. Sisi huweka mahindi ghalani, fukusi akaja. Rundo la plastiki nalo lina fukusi wake. Magari mengi ya kuunga huja na tairi za raba laini. Zikilala miaka mingi zikigusana na vipande vingine, mafuta yaliyo ndani yake hutoka na kuila plastiki, mpaka unakuta gurudumu limeyeyuka nusu. Vioo vidogo vya dirisha la rubani hukwaruzana. Karatasi ya alama ndiyo dhaifu kuliko vyote: joto na unyevu huigeuza rangi ya manjano, na siku ukiitia majini alama hupasuka vipande vipande.

Liko jambo jingine linalonigusa zaidi kuliko tairi. Masanduku haya mara nyingi huishia mikononi mwa mjane asiyejua ni nini. Mwenye duka la vitu vya mnada humtajia bei moja kwa chumba kizima, naye hukubali ili apate nafasi. Afadhali wale wenye chama. Huko Uingereza kiko chama cha waunga mifano, IPMS, kilichoanza mwaka 1963, nacho hufanya maonyesho makubwa mwezi wa Novemba katika mji wa Telford. Pembeni ya mifano iliyokwisha ungwa ziko meza za masanduku ya zamani, na mengi yametoka katika vyumba kama hivyo. Mtoto mwenye fedha kidogo huweza kupata hapo ndege ambayo duka limemwambia "hakuna" tangu mwaka juzi.

Mwenye kununua sanduku la zamani mezani pale hufungua kwanza, ahesabu vipande, atazame tairi, kisha ainue karatasi ya alama kwenye mwanga. Ikiwa imegeuka manjano, bado si ya kutupa. Wenye ujuzi huitia katika mfuko wa plastiki unaoangaza, huibandika kwenye kioo cha dirisha linalopigwa na jua, na huiacha pale siku kadhaa, au majuma. Jua huila ile rangi ya manjano, alama zikabaki. Kisha huipaka vanishi nyepesi isiyo na rangi ili zisipasuke, na kabla ya kuzitia zote majini, hujaribu moja, ile isiyo na kazi.